Farasi wa d4: Kumfundisha Mwanafunzi Kujibu Hatua Asiyoitarajia

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha huchukua azimio la kazi, maandalio ya masomo na zana alizozitengeneza bwenini usiku. Vyote hivyo vimeandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi atakayejibu kama ilivyotarajiwa. Bahati mbaya mwanafunzi hajayasoma maandalio yetu. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa njia ya mchezo wa sataranji, ambao vijana wengi siku hizi huuita chesi, kwa kuwa katika mchezo huo kosa la mwalimu huonekana juu ya ubao kabla kengele haijalia. Tutashughulika na hatua moja tu: farasi mweusi anayerukia mraba wa d4 katika hatua ya tatu ya mchezo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya zana. Katika shule za Mbulu na Hanang tulizozitembelea hatukukuta ubao wa sataranji wa dukani, wala hatukuona kwamba kuukosa kulimzuia mtu. Kipande cha boksi huchorwa miraba 64, minane kwa minane, na nusu yake husiligwa kwa mkaa. Vifuniko 32 vya soda hubandikwa karatasi: nyeupe kwa upande mmoja, na ya kahawia ya mfuko wa saruji kwa upande wa pili. Juu yake huandikwa herufi ya jina la kila kete: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Mpenzi wa bao ataona kwa furaha kwamba hesabu ni ile ile iliyogeuzwa, maana bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Miraba husomwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mchezaji mweupe, na kwa namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda mbele. Mwalimu wa hisabati atatambua hapa viwianishi, naye asione haya kuvitumia.

Kuhusu farasi lipo jambo la pembeni. Watoto wa Hanang humjua punda abebaye maji; farasi wengi wao wamemwona katika picha tu. Katika kilabu tutakachokieleza kete hiyo iliitwa punda tangu siku ya kwanza, nasi hatukuona sababu ya kukataza. Mtoto aliyeanza shule akizungumza Kiiraqw au Kidatoga amekwisha kujifunza majina mapya ya kutosha. Mwendo wa kete hiyo huonyeshwa kwa mkono: miraba miwili mbele, mmoja kando, naye huruka juu ya wenzake na juu ya maadui. Kwa makala haya tutaendelea kumwita farasi.

Sasa tueleze yaliyotokea. Katika shule moja ya wilaya ya Hanang, mwanachuo wetu alikuwa akiongoza kilabu cha sataranji cha Darasa la Sita. Alikuwa amewafundisha watoto namna moja ya kuanza mchezo, na aliwafundisha kwa kukariri. Mweupe husogeza askari wake wa mbele ya mfalme hadi e4, na Mweusi hujibu kwa askari wake hadi e5. Mweupe hutoa farasi hadi f3, akimtishia askari wa e5; Mweusi hutoa farasi wake hadi c6, akimlinda askari huyo. Kisha Mweupe humtoa askofu hadi c4, na Mweusi naye humtoa wake hadi c5. Watoto waliyatamka hayo kwa sauti moja kama jedwali la kuzidisha, na mikono yao ikafuata. Mafunzo hayo si mabaya. Ufunguzi huo umechezwa ulimwenguni kwa karne nyingi, na kila hatua ndani yake ina sababu. Tatizo ni kwamba sababu hazikutamkwa. Zilitamkwa hatua tu.

Siku tuliyokwenda kukagua, mvulana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka kwa kaka yake Arusha alikaa upande mweusi. Mbele yake alikaa msichana ambaye, kwa maelezo ya mwanachuo, alikuwa hodari kuliko wote. Zilipofika hatua tatu, mvulana hakumtoa askofu. Alimchukua farasi yule yule wa c6 akamrusha hadi d4, katikati kabisa ya ubao, usoni pa adui. Darasa likacheka. Msichana hakucheka, alitazama ubao, na macho yake yakaona jambo la kweli. Farasi alipoondoka c6 alimwacha askari wa e5 bila mlinzi. Basi farasi mweupe akamla askari huyo.

Mvulana akamtoa malkia hadi g5. Hapo malkia mmoja anatishia mambo mawili kwa pamoja: farasi wa e5 na askari wa g2. Msichana akaona tena jambo la kweli: farasi wake akimla askari wa f7 atamtishia malkia na ngome kwa mruko mmoja. Akamla. Malkia mweusi akamla askari wa g2 na kuitishia ngome ya pembeni. Ngome ikakimbilia f1. Malkia akamla askari wa e4, sasa akimtishia mfalme mwenyewe. Msichana akamrudisha askofu hadi e2 kumkinga mfalme. Ndipo farasi wa d4, ambaye kila mtu alikuwa amekwisha kumsahau, akaruka hadi f3, na mchezo ukamalizika. Ilikuwa hatua ya saba.

Mwanachuo wetu alifanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya. Alisema kwamba hiyo si namna ya kucheza, na kwamba tangu siku hiyo farasi haruki d4 katika kilabu chake. Mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa tulikuwa sisi wenyewe, na katika fomu ya ukaguzi tuliandika kwamba nidhamu ilikuwa nzuri. Juma lililofuata msichana yule hakuja. Wenzake walisema amewaambia kwamba mchezo ule ni wa udanganyifu.

Tumelifikiria neno hilo mara nyingi. Msichana hakudanganywa na mvulana, kwa kuwa kila kete ilikuwa mbele ya macho yake. Aliyemwacha peke yake ni mafunzo yaliyomwambia nini cha kufanya iwapo adui anafuata kitabu, yasimwambie chochote iwapo adui amekiacha. Na katazo lililofuata lilimthibitishia kwamba hata mwalimu hana jibu. Mwalimu anayekataza hatua halali ya mchezo amekiri mbele ya darasa kwamba inamshinda.

Na jibu lipo, tena ni jepesi. Hatua hiyo ya farasi ina jina katika vitabu vya sataranji. Huhusishwa na Joseph Henry Blackburne, mchezaji hodari wa Uingereza aliyeishi kati ya 1841 na 1924, na masimulizi husema kwamba aliitumia kuwachuma shilingi moja moja wageni wa vibanda vya kahawa waliothubutu kucheza naye. Mwalimu ataona mara moja kwa nini hatupendekezi watoto wacheze kwa fedha. Lakini hadithi hiyo inatufunza kitu: mtego huu huwapata hasa wale wanaojua kidogo, wenye macho ya kuona askari asiye na mlinzi. Asiyejua kitu huenda asimwone askari huyo kabisa, akapona.

Tuitazame hali ya ubao baada ya farasi kurukia d4, kabla Mweupe hajagusa kete. Swali la kwanza ambalo mwanafunzi afundishwe kujiuliza ni hili: huyu aliyekuja anatazama wapi? Akiwa d4 farasi ana miruko minane, na miwili kati yake inafika penye watu wa Mweupe: farasi wa f3 na askari wa c2. Swali la pili: ameacha nini nyuma? Amemwacha askari wa e5, kama msichana alivyoona. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa: nani anaweza kumfuata? Askari wa e7 alipoondoka katika hatua ya kwanza alifungua njia ya mshazari kutoka kwa malkia mweusi aliye d8 hadi g5. Farasi huyu hakuja peke yake. Nyuma yake kuna malkia ambaye bado hajainuka.

Baada ya maswali hayo matatu jibu hujileta lenyewe. Farasi mweupe wa f3 anaweza kumla farasi wa d4. Askari wa e5 atalipiza kwa kumla yeye, na sasa tuhesabu. Mweupe ana askari katikati, askofu amekwisha kutoka, na ni zamu yake kucheza. Mweusi ametumia hatua mbili kumpeleka farasi mahali alipofia, hana kete nyingine hata moja iliyotoka nyumbani, na askari wake wa d4 amesimama mbele peke yake. Mweupe humsogeza mfalme miraba miwili kuelekea ngome, ngome ikaruka na kusimama upande wa pili wake, na mfalme yumo salama. Hakuna ushindi wa papo hapo, na mwalimu asiahidi ushindi huo. Kuna faida ndogo, halali, ambayo mchezaji mwangalifu ataikuza.

Yapo majibu mengine mazuri. Mweupe aweza kumkinga mfalme kwanza kwa namna tuliyoieleza, au kusogeza askari wa c2 hadi c3 na kumwuliza farasi anakwenda wapi. Farasi akimla mwenzake wa f3, malkia mweupe humla yeye, naye malkia akiwa f3 na askofu akiwa c4 wote wawili wanaelekea f7, ambapo Mweusi lazima ajilinde upesi. Kwa watoto tunapenda jibu la kwanza, la farasi kumla farasi, kwa kuwa linaacha mambo machache ya kukumbuka.

Hata aliyekwisha kumla askari wa e5 hajapotea kabisa. Malkia akija g5, Mweupe asimle askari wa f7 kwa farasi. Amle kwa askofu, akimtishia mfalme, kisha amhamishe mfalme wake nyuma ya ngome. Atampoteza farasi wa e5, lakini atakuwa amekula askari wawili, na mfalme mweusi aliyelazimishwa kusogea hatapata tena kujikinga nyuma ya ngome yake. Ni hali ngumu, lakini inachezeka. Mtoto aliyekosea ana haki ya kufundishwa namna ya kuendelea baada ya kosa.

Tulikaa na mwanachuo jioni ile, chai ikapoa, tukakubaliana kwamba somo lifundishwe upya, na lifundishwe kutoka mwisho. Katika kipindi cha dakika 40 aliweka juu ya kila boksi hali ya mwisho: mfalme mweupe e1, farasi mweusi f3. Hakueleza kitu. Aliuliza: kwa nini mfalme hakimbii? Watoto walihesabu miraba inayomzunguka wakakuta ni mitano, na yote mitano imejaa watu wake mwenyewe: malkia, ngome, askofu na askari wawili. Ukimya uliofuata ulikuwa wa kufikiri. Kisha akauliza: kwa nini askofu wa e2 asimle farasi? Msichana mmoja mdogo wa nyuma alijibu kwamba akiondoka, malkia wa e4 atamwona mfalme. Na nani mwingine angeweza kumla? Askari wa g2. Naye aliliwa lini? Wakarudi hatua moja, kisha nyingine, mpaka walipofika pale ambapo farasi amerukia d4 na hakuna bado aliyekosea.

Hapo aliwagawa wawili wawili na kuwapa dakika kumi kutafuta majibu yote yanayofaa, akayaandika ubaoni bila kusema lipi zuri lipi baya. Hatua hii ndiyo ngumu kwa mwalimu mgeni, kwa kuwa mkono unawasha kuweka alama ya kosa. Mvulana mmoja wa jamii ya wafugaji, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amesema neno katika kilabu, alisema kwamba ng'ombe akitoka kundini peke yake humfukuzi kwanza. Hutazama kwanza nani anakuja nyuma yake. Mwanachuo akamwomba aonyeshe ubaoni nani anayekuja nyuma. Mtoto akaweka kidole juu ya malkia mweusi. Swali letu la tatu, ambalo tulikuwa tumeliandika katika maandalio kwa maneno marefu, lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Hapa tutoe tahadhari. Mwalimu asije akahitimisha kwamba kila hatua ya ajabu ya farasi ni mtego, au kwamba ni upuuzi. Mwaka 1921, katika mashindano ya Budapest, Alexander Alekhine wa Urusi alijibu askari wa e4 kwa kumtoa farasi hadi f6 katika hatua ya kwanza kabisa, akimwacha afukuzwe na askari weupe kutoka mraba hadi mraba. Ilionekana kinyume cha kila kanuni. Lakini kila askari aliyemfukuza farasi huyo alisonga mbele mno akawa mzigo wa kulindwa. Alekhine alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1927, na ulinzi huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwa upande mwingine, mtoto atakayeanza kwa kumtoa farasi wa b1 hadi a3, ukingoni, hajatega wala hajavumbua kitu. Mwambie ahesabu: akiwa a3 farasi ana miruko minne, akiwa c3 ana minane. Jibu ni kuchukua katikati kwa utulivu na kuendelea.

Basi kuna farasi wa mtego, farasi wa hekima, na farasi wa bahati mbaya, na kwa kutazama mruko wenyewe tu huwezi kuwatofautisha. Ni vivyo hivyo katika hisabati. Mwanafunzi wa Darasa la Tatu alipewa 52 toa 38 akaanza na makumi, jambo tunalomkataza: akasema 50 toa 30 ni 20, halafu 2 haitoshi kutoa 8, zimepungua 6, na 20 toa 6 ni 14. Mwanachuo alikuwa amekwisha kuchora mkasi mwekundu kabla hajafika kwenye 14. Jibu lilikuwa sahihi, na njia ilikuwa sahihi. Mwingine atafanya kwa namna inayofanana na hiyo apate 26, kwa sababu amegeuza 8 toa 2. Kalamu nyekundu haiwezi kuwatenganisha watoto hawa; swali la "umepataje?" linaweza.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu asiye bingwa wa sataranji hawezi kufundisha haya. Huko Katwe, mtaa maskini wa Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwakusanya watoto akawafundisha mchezo huu, na miongoni mwao alitoka Phiona Mutesi, aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010 huko Urusi na ya mwaka 2012 huko Istanbul. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2016. Jambo linalotugusa sisi walimu halikupewa nafasi kubwa katika sifa hizo: mtu aliyemfundisha Phiona miendo ya kete mwanzoni alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Katende alimwachia mtoto amfundishe mtoto. Mwanachuo wetu alifanya vivyo hivyo. Mvulana aliyeleta hatua hiyo kutoka Arusha, badala ya kufungiwa mdomo, alipewa ubao na kutakiwa awaeleze wenzake jinsi kaka yake alivyomfunga yeye mwenyewe kwa mtego huo huo mara nne. Alieleza vizuri, na kwa uchungu wa kutosha.

Katazo liliondolewa mbele ya kilabu chote. Tulimshauri mwanachuo aseme wazi kwamba alikosea kuliweka, naye alisema, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo. Hatukumtuma mtu kumwita msichana. Habari za namna hiyo husafiri zenyewe katika njia ya kisimani.

Alikuja juma la tatu. Safari hii aliomba upande mweusi. Katika hatua ya tatu alimchukua farasi wa c6 akamrusha hadi d4, akaweka mikono mapajani na kusubiri. Mvulana aliyekaa mbele yake alinyoosha kidole kuelekea askari wa e5, akakirudisha, akatazama mshazari wa malkia kwa muda mrefu, kisha akamhamishia mfalme wake nyuma ya ngome. Msichana akatabasamu kidogo. Walicheza mpaka wakabaki na ngome moja moja na askari wachache, na darasa zima limesimama kuwazunguka. Kengele ya kwenda nyumbani ililia wakati zamu ikiwa yake. Walinakili mahali pa kila kete nyuma ya daftari la hisabati, kwa herufi na namba, ili waendelee siku ya pili.